Mafuta mekundu, kijiti cha kupimia na mlima wa Newala

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, tuzungumze mafuta. Si petroli, hiyo tumeshaililia vya kutosha. Nazungumzia yale mafuta mekundu yanayokaa ndani ya gia boksi ya gari la otomatiki, ambayo mafundi wetu huyaita haidroliki. Wengi wetu hapa mjini tunajua kwamba yapo kwa kuambiwa tu. Siku tunapoyaona kwa macho yetu, yamekwisha kumwagika chini na gari limegoma kurudi nyuma.

Mlimani nilisoma historia, na kule tulizoea kwamba historia ni vita, mikataba na majina ya wakubwa. Hakuna aliyetuambia kwamba oili nayo ina historia. Nimeanza kuifuatilia kwa sababu ya Toyota Noah ya mjomba wangu wa Masasi, ambayo nitaieleza mbele kidogo, ila kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba kilichotokea kwenye mlima wa Newala kilianza mbali sana na Newala. Kilianza baharini, tena bahari yetu hii hii.

Tuanze na nyangumi basi. Usicheke, ndugu msomaji, subiri kwanza.

Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said, na mwaka 1837 balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem, akafika Unguja. Tunakumbuka vitambaa walivyoleta kwa sababu jina lao limebaki mdomoni mwetu: merikani. Tunachosahau ni kwamba pamoja na merikebu za vitambaa na pembe za ndovu zilikuwepo merikebu za wawindaji wa nyangumi, zikizunguka Comoro, Shelisheli na pwani yetu, na kutia nanga Unguja kutafuta maji na chakula. Mwandishi mmoja wa Kimarekani, J. Ross Browne, aliyekuwa baharia kwenye merikebu ya namna hiyo, alishukia Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1840 na baadaye akachapisha kitabu juu ya safari yake. Walichokuwa wakikifukuza hasa ni wale nyangumi wenye kichwa kikubwa kama kontena. Ndani ya kichwa hicho kuna mafuta ya ajabu: hayaungui upesi kwenye moto, na yakigusa chuma yanang'ang'ania.

Taa za mafuta ya nyangumi zilikufa zamani, lakini nyangumi mwenyewe hakupumzika. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ilitangaza gia boksi ya Hydra-Matic kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka uliofuata. Hiyo ndiyo gia boksi ya kwanza ya otomatiki kuuzwa kwa wingi. Ndani yake hakuna klachi ya kukanyagwa na mguu. Kuna pampu inayosukuma oili, na oili hiyo ndiyo inayobana sahani za klachi na bendi, ndiyo inayochagua gia, ndiyo inayolainisha, ndiyo inayobeba joto kulitoa nje. Kwenye gari la gia za klachi, oili ni kama mafuta ya kupikia: inasaidia kazi. Kwenye otomatiki, oili ndiyo mfanyakazi.

Mfanyakazi wa namna hiyo alikuwa na masharti. Awe mwepesi, asitoe povu, asiungue, na awaachie wale sahani waumane taratibu bila kushtua gari. Mwaka 1949 General Motors wakaweka kiwango maalumu cha mafuta hayo wakakiita Type A, na kiungo kimojawapo kilichofanya kazi hiyo ya kuumana taratibu kilikuwa mafuta ya yule yule nyangumi. Rangi nyekundu waliitia kwa sababu rahisi tu: ukiona doa chini ya gari ujue mara moja linatoka wapi, injini au gia boksi.

Mwaka 1970 serikali ya Marekani ikamweka nyangumi huyo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na biashara ya mafuta yake ikafungwa. Watu wa viwanda vya magari wakapata kazi. Dexron, iliyokuwa imetoka mwishoni mwa miaka ya 1960, ikabidi itengenezwe upya bila nyangumi, na Dexron II ya miaka ya 1970 ikapita kwenye matatizo yake kabla ya kutulia. Toleo la mwanzo lilionekana kula viungio vya vipoozeo vilivyomo ndani ya rejeta. Kuna walioanza hata kulima jojoba, kichaka cha jangwani ambacho mbegu zake hutoa mafuta yanayofanana na ya nyangumi. Kwa hiyo kopo jekundu unalonunua leo duka la spea ni mrithi wa mnyama aliyekuwa akiwindwa hapo nje ya Unguja. Mimi jambo hili lilinikosesha usingizi, sijui wewe.

Sasa tuje kusini.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Hydra-Matic iliingizwa kwenye vifaru. Kifaru chepesi cha M5 Stuart kilikuwa na injini mbili za Cadillac na gia boksi mbili za otomatiki. Vita vilipokwisha, Marekani gia hizo zilirudi kwenye magari ya familia. Sisi hatukuletewa otomatiki. Sisi tulipata mabaki mengine ya vita hiyo hiyo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha ule mradi wao maarufu wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea, jirani kabisa na Masasi. Walileta matrekta yaliyotumika jeshini, mengine kutoka Ufilipino yakiwa yamechoka, na wakageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta waliyoyapa jina la Shervick. Mashine nyingi zilikufa mapema. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili yake ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mzee mmoja wa Nachingwea aliwahi kuniambia kwamba kitu pekee kilichobaki kwa wenyeji ni mafundi. Vijana waliobeba spana za Wazungu walijifunza kwa kutazama, wakafungua gereji zao chini ya miembe.

Na walijifunza nini? Walijifunza mashine za gia za klachi. Bedford, Leyland, baadaye Scania za Kibaha, na juu ya zote Land Rover. Kwa miaka 50 hivi barabara za Masasi, Newala na Tandahimba zilikuwa mali ya Land Rover na malori. Mashine hizo zilikuwa na sheria yake ya kupima oili, na sheria hiyo ikawa kama dini: asubuhi, injini imezimwa, imepoa, gari limesimama sawasawa. Unachomoa kijiti, unafuta na kitambaa, unachomeka, unachomoa, unasoma. Oili ya injini hupimwa hivyo mpaka leo. Dereva wa kusini aliyelelewa vizuri hawezi kupima vinginevyo.

Iweke kichwani sheria hiyo, tutaihitaji.

Otomatiki ilitufikia kwa mlango mwingine, wa Japani. Toyota walianza na gia yao ya Toyoglide mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1969 Aisin ya Japani na BorgWarner ya Marekani waliunda kampuni ya pamoja ya kutengeneza gia boksi, na kutoka hapo otomatiki ikawa kitu cha kawaida kwa Wajapani. Mwezi Novemba 1991 Japani ikaanza kutoa leseni maalumu kwa watu wanaoendesha otomatiki tu, wasiojua klachi. Hebu fikiria: taifa zima likawa na kizazi cha madereva ambao hawajawahi kukanyaga klachi, na magari yao, baada ya miaka kadhaa na ukaguzi wao mkali, yanauzwa nje. Huku kwetu biashara ilikuwa imefunguliwa tangu enzi za Mzee Mwinyi katikati ya miaka ya 1980. Mitumba ya nguo ikaja, mitumba ya magari ikafuata.

Kusini yalichelewa. Sababu ni barabara, na hapa nitasema bila kupepesa: mikoa ya Lindi na Mtwara iliachwa nyuma muda mrefu mno. Mvua zikinyesha, Dar ilikuwa mbali kuliko Nairobi. Daraja la Mkapa pale Rufiji, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na kipande cha mwisho cha lami, Ndundu hadi Somanga, kikasubiri mpaka miaka ya 2010. Mkapa mwenyewe alizaliwa Lupaso, Masasi, kwa hiyo alijua anachokijenga. Baada ya hapo ndipo gari dogo la mtumba lilipoweza kutoka bandarini Dar na kufika Masasi siku hiyo hiyo. Noah, Ipsum, Carina, zote zikaja. Karibu zote otomatiki.

Gari lilikuja, elimu yake ikabaki Japani. Kitabu cha maelezo, kama kilikuwepo, kilikuwa kwa Kijapani. Mafundi waliorithi spana za Nachingwea wakakutana na mashine inayopimwa kwa sheria iliyo kinyume na dini yao.

Ndiyo nafika kwa mjomba.

Kwetu sisi Wamakua mjomba si mtu wa kumsalimia sikukuu tu. Ni mzazi kamili. Mjomba wangu aliuza korosho misimu kadhaa, akanunua Noah ya zamani, akaifanya ya kukodi kati ya Masasi na Newala. Abiria, magunia ya salfa ya kupulizia mikorosho, wagonjwa wa kwenda Ndanda, maharusi, misiba. Wale mnaoijua njia hiyo mnajua kwamba ukishaiacha Masasi na milima yake ya mawe, tambarare inakudanganya kwa muda, halafu uwanda wa juu wa Makonde unasimama mbele yako kama ukuta. Lami haikuwepo wakati huo. Mchanga, vumbi, kona, na gari limejaa.

Ni kazi mbaya kuliko zote kwa gia boksi ya otomatiki. Gari likipanda polepole na mzigo, lile bakuli la oili linalounganisha injini na gia, tokikonveta, linazunguka huku linateleza, na kuteleza ni joto. Joto hilo linachukuliwa na oili, oili inapelekwa kwenye kipoozeo kilichofichwa ndani ya rejeta, inarudi. Kwa maneno mengine maji ya rejeta yanapooza injini na gia boksi kwa pamoja. Sasa kumbuka uko wapi. Uwanda wa Makonde hauna mito. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906 akichunguza mila za watu, aliandika jinsi maji yanavyofuatwa mbali chini mabondeni. Waingereza walijenga mradi wa maji wa Makonde miaka ya 1950 na bado ndoo ya maji ilibaki kitu cha kuhesabiwa. Rejeta ikipungua maji huko juu, dereva anatia kinachopatikana. Maji ya chumvi, ya tope, yoyote. Kipoozeo kinaoza ndani kwa ndani, na siku moja maji yanavuka upande wa pili. Ukichomoa kijiti ukakuta oili imekuwa ya rangi ya waridi yenye povu, kama maziwa yaliyotiwa sharubati, usiendelee na safari. Ita lori la kuvuta.

Mwaka 2022 mjomba alianza kusikia gia ikichelewa kuingia. Fundi mmoja wa Masasi, gereji yake sitaitaja, akashauri jambo ambalo kwa kweli ni zuri: kufunga filta ya nje. Noah za namna hiyo zina chujio ndani ya sampo, na magari mengi ya Kijapani yana chujio la waya tu linalozuia vipande vikubwa, huku unga mwembamba wa sahani za klachi ukipita na kuendelea kuzunguka. Kulibadilisha ni lazima ushushe sampo. Filta ya nje inawekwa kwenye paipu ya kurudishia oili kutoka kwenye kipoozeo, ambako mgandamizo ni mdogo, na inafunguliwa na kubadilishwa kama ya injini. Kwa nchi ya vumbi na milima mimi naiunga mkono asilimia mia.

Kosa lilikuja baadaye. Waliposhusha sampo zilitoka lita 4. Wakarudisha lita 4. Wakachomoa kijiti injini imezimwa, wakaona oili iko juu kabisa, wakafurahi, wakapokea pesa.

Hesabu ya nne kutoa nne ina udhaifu wake. Filta ilikuwa kavu. Mipira miwili mipya ya kwenda na kurudi ilikuwa mikavu. Injini ilipowaka, pampu ikavijaza vyote kwanza, na oili iliyovijaza ilitoka kwenye sampo. Gari lilikuwa na oili ile ile, ila nyumba yake imeongezwa chumba. Na kijiti kilichosomwa injini imezimwa kilisema uongo kwa sababu ya ile dini ya Land Rover. Injini ya otomatiki ikizimwa, sehemu ya oili iliyokuwa ikizunguka kwenye tokikonveta na mapaipu hurudi chini kwenye sampo. Kiwango kinapanda. Ukipima hapo utaona neema isiyokuwepo.

Siku mbili baadaye Noah ilikuwa inapandisha Newala. Ndani alikuwemo mama aliyeruhusiwa kutoka Ndanda baada ya kujifungua kwa upasuaji, na mtoto wa siku 5. Katikati ya mlima injini ikaanza kulia bila gari kwenda. Mjomba anasema ilikuwa kama kukanyaga mafuta ukiwa kwenye ndoto. Pampu ilikuwa inafyonza hewa kwenye zile kona, na hewa haibani klachi. Mama yule akashushwa na mtoto wake, wakakaa chini ya mkorosho tangu saa 5 asubuhi hadi karibu saa 10 alasiri. Mjomba huwa hakielezi kipande hicho mpaka umuulize.

Aliyewatoa ni fundi mzee wa Newala, aliyepandishwa bodaboda na kidumu cha lita 1 mapajani. Nilimtafuta baadaye, nikamwamkia, nikamwomba anionyeshe alichofanya. Akasema, "Mjukuu wangu, otomatiki haipimwi ikiwa imelala. Inapimwa ikiwa macho." Kisha akanionyesha kwenye gari lile lile, na nikaandika kila kitu.

Gari liwe mahali tambarare kweli. Pale mlimani alilazimika kulisogeza kwa kusukumwa hadi kwenye kijisehemu kilicho sawa, kwa sababu kwenye mteremko kijiti kinasoma mteremko. Liwe limetembea kilomita 10 au 15, oili ipate joto la kazi, nyuzi 70 hadi 80 hivi. Hapa ndipo mlima wa Newala una tego lake: gari lililotoka kupanda na mzigo oili yake imepita joto hilo, na oili ikipata moto inavimba. Ukipima papo hapo utaona imejaa kumbe haijajaa. Kwa hiyo yule mzee alifika, hakugusa kitu, akaketi nusu saa. Abiria wakamtukana. Nilikuja kukuta jambo hilo hilo kwenye maelekezo ya Toyota: gari lililobeba mzigo mzito au kukimbia sana kwenye joto liachwe kama dakika 30 kabla ya kupima. Yeye hakuwahi kuyasoma maelekezo hayo.

Kisha washa injini, iache kwenye silensa, hendibreki juu, mguu kwenye breki. Pitisha gia taratibu, P, R, N, D mpaka chini, kila moja sekunde chache, urudi P. Hiyo ni kuijaza kila njia oili. Bila kuzima injini, inua siti, chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, chomeka mpaka mwisho, chomoa, soma pande zote mbili na uamini upande unaosoma chini. Kuna alama za COLD na alama za HOT. Ile ya COLD ni ya kukadiria tu, mara tu baada ya kumwaga oili mpya. Uamuzi unatolewa kwenye HOT.

Ya mjomba haikufika hata alama ya chini ya HOT. Mzee akaongeza kwa faneli nyembamba, kidogo, akapitisha gia tena, akapima tena. Akaongeza, akapima. Mara nne. Kidumu kilipobaki na kama robo akasimama. Mjomba akamwambia, "Fundi, si umalizie tu?" Akakataa. Oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka vinaifikia na kuipiga kama mayai, inakuwa povu, na povu ni hewa ile ile iliyowakwamisha, halafu inatokea kwenye tundu la kupumulia na kumwagika juu ya ekzosi. Kwa hiyo kuzidi na kupungua vinaua kwa njia moja.

Alimaliza kwa kukagua viungio vya filta kwa kidole kikavu, injini ikiwaka, akisema nirudie kesho yake asubuhi na baada ya kilomita 100. Filta mpya huwa na hewa ndani inayotoka polepole, na kiwango kinaweza kushuka tena kidogo.

Tahadhari moja kwa wenye magari mengine. Honda wao wanataka upime dakika moja au zaidi kidogo baada ya kuzima injini, gari likiwa na moto. Mitsubishi za zamani zinapimwa kwenye N. Kila nyumba na mila yake, na ukiingia ya watu uliza. Vilevile usichanganye oili kwa rangi. Dexron ni nyekundu, T-IV ya Toyota ni nyekundu, WS ni nyekundu, na hazifanani tabia. Kijiti chenyewe mara nyingi kimeandikwa inayotakiwa, kwa herufi ndogo ambazo mafuta yamezifunika.

Nilimuuliza mzee alijifunzia wapi kupima ikiwa macho. Nilitegemea hadithi ya Mjapani au chuo cha ufundi. Akasema aliharibu gia boksi mbili za watu, akalipa moja, nyingine mwenyewe alimsamehe. Hakukaa darasani popote. Ukiniuliza mimi, hivyo ndivyo elimu ya mashine ilivyoingia kusini tangu siku za karanga: mashine inatangulia, hasara inafuata, halafu anabaki mtu mmoja anayejua, na akifa mnaanza upya. VETA wapo, sikatai. Lakini fundi anayefungua gia boksi chini ya mwembe Newala hajaletewa hata karatasi moja ya Kiswahili inayosema pima injini ikiwaka.

Na mambo hayajasimama. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi, kilomita 210, imekuwa ikiwekwa lami kipande kwa kipande, wakaanza na kilomita 50 za Mtwara hadi Mnivata. Lami ikija na magari mapya yanakuja. Toyota nyingi za miaka ya 2000 kuja huku, zinazotumia WS, hazina kijiti kabisa. Walikiondoa. Mwenye gari hatakiwi kupima. Gia boksi imefungwa, na fundi anatakiwa kuingia chini, kufungua bolti maalumu oili ikiwa na joto linalojulikana, kwa nyingi ni karibu nyuzi 40, injini ikiwaka, na kusubiri mpaka michirizi igeuke matone. Ikidondoka matone, kiwango ni sahihi. Isipotoka kitu, ongeza. Ukiifungia filta ya nje gari la namna hiyo halafu ukakadiria kwa macho, hakuna kijiti cha kukuumbua mpaka ufike mlimani.

Mara ya mwisho nilipopita kwa yule mzee alikuwa amelala chini ya Toyota ya namna hiyo, gari limeinuliwa sawasawa kwa magogo manne yaliyopimwa kwa timazi ya mwashi. Mkononi alikuwa na kipimajoto cha aina ile wanayopimia watoto homa kwa kukielekeza kwenye paji la uso, anakielekeza kwenye sampo. Nilimwambia hicho hakiaminiki kwenye chuma. Akasema anajua, ndiyo maana ameweka na kidole.